Hukumu na kauli za kikategoria katika mantiki

Katika mantiki ya jadi, hukumu ni tendo la akili la kuunganisha dhana mbili au kuzitenganisha. Mtu akiwaza "gunia" peke yake, au "kobalti" peke yake, bado hajasema kweli wala uongo. Anapoamua kwamba gunia hili lina kobalti, au kwamba halina, ndipo hukumu inapozaliwa na swali la kweli na uongo linapoanza kuwa na maana. Hukumu ikitamkwa au kuandikwa huitwa kauli. Kauli ya kikategoria ni ile inayothibitisha au kukanusha moja kwa moja: haina "ikiwa", wala haina "ama hiki ama kile".

Musompo, soko la madini nje kidogo ya Kolwezi, kusini mwa Kongo, hukumu za namna hiyo hutolewa kutwa nzima. Mchimbaji anashusha magunia mbele ya depo. Mnunuzi anatoa mawe machache, anayaelekezea kifaa cha mkononi ambacho wengi huko hukiita Metorex, kisha anasoma asilimia. Gunia ndilo kiima, asilimia ndiyo kiarifu, na bei hufuata hukumu hiyo. Kama mawe yaliyopimwa yametoka juu ya gunia tu, hukumu imetolewa juu ya gunia zima kwa ushahidi wa sehemu yake, na mapato ya mchimbaji ya siku nzima yamening'inia hapo.

Kauli za kikategoria hupangwa kwa mambo mawili: zinathibitisha au zinakanusha, na zinahusu jamii nzima au sehemu yake. Hapo zinapatikana aina nne, ambazo wanazuoni wa Ulaya wa karne ya 13 walizipa herufi A, E, I na O, kutoka katika irabu za maneno ya Kilatini affirmo, yaani nathibitisha, na nego, yaani nakanusha. "Wachimbaji wote ni wanachama wa ushirika" ni kauli jumla yakinishi, A. "Hakuna mchimbaji aliye mwanachama" ni jumla kanushi, E. "Baadhi ya wachimbaji ni wanachama" ni sehemu yakinishi, I. "Baadhi ya wachimbaji si wanachama" ni sehemu kanushi, O. Neno "baadhi" hapa lina maana finyu: angalau mmoja, na halizuii kuwa ni wote. Msomaji wa Kiswahili ajihadhari pia na sentensi kama "wachimbaji wote si wanachama", kwa kuwa msemaji mmoja huitumia kusema hakuna hata mmoja, na mwingine kusema kwamba wapo wasio wanachama. Hizo ni hukumu mbili tofauti kabisa.

Msingi wa elimu hii uliwekwa na Aristotle (384–322 KK), hasa katika kitabu chake kiitwacho Peri Hermeneias. Maelezo ya zamani ya mchoro unaozipanga kauli nne kwenye pembe za mraba yamo katika kitabu kinachohusishwa na Apuleius wa Madauros, mji uliokuwa katika Algeria ya leo, wa karne ya 2. Ibn Sina, aliyefariki mwaka 1037, aliuchambua upya urithi huo, na kwa njia yake na ya wenzake somo likaingia katika elimu ya mantiki ya Kiislamu. Katika nchi za shaba lilifika kwa mlango mwingine, ule wa seminari za Kikatoliki.

Kiini cha mraba ni upingano. A na O hupingana moja kwa moja, vivyo hivyo E na I: moja ikiwa kweli, nyingine ni uongo, na hakuna njia ya kati. A na E haziwezi kuwa kweli kwa pamoja, lakini zinaweza kuwa uongo zote mbili. Tofauti hiyo inaonekana kavu mpaka iletwe Kasulo, mtaa wa Kolwezi wenye mashimo ya wachimbaji wa mikono. Januari 2016 shirika la Amnesty International, pamoja na Afrewatch, lilitoa ripoti kuhusu uchimbaji wa kobalti kusini mwa Kongo. Kati ya watu 87 waliohojiwa, waliokuwa wakifanya kazi migodini au waliowahi kufanya, 17 walikuwa watoto. Tangu hapo kauli mbili zimekuwa zikirushiana mawe. Upande mmoja husema "kobalti ya Kongo huchimbwa na watoto". Upande mwingine hujibu kwamba katika mnyororo wake wa ununuzi hakuna mtoto.

Kauli ya kwanza haina kipimo, yaani haisemi yote wala baadhi. Aristotle aliitambua aina hiyo, na watu wa mantiki waliomfuata walishauri ihesabiwe kuwa ya sehemu mpaka msemaji athibitishe zaidi. Ikisomwa kama A ni uongo: mashimo makubwa ya Kamoto, Mutanda na Tenke-Fungurume huchimbwa kwa mitambo. Ikisomwa kama I ni kweli, na ukweli huo unatosha. Anayewatetea watoto hahitaji kuthibitisha kwamba kobalti yote imepita mikononi mwao. Anayesema "hakuna" ndiye aliyebeba mzigo mzito, maana mtoto mmoja aliyethibitishwa katika mnyororo huo huiangusha kauli yake yote. Kwa hiyo kutia chumvi kunaidhuru haki bure: kunageuza kauli isiyoweza kubomolewa kuwa kauli inayobomolewa kwa picha ya eksikaveta moja.

Neno "tu" nalo lina mtego wake. Kanuni ya Madini ya mwaka 2002, iliyorekebishwa Machi 2018, inawapa raia wa Kongo waliofikia utu uzima, na hao tu, nafasi ya kupata kadi ya mchimbaji wa mikono. Kimantiki maana yake ni kwamba wenye kadi wote ni raia watu wazima. Haisemi kwamba raia watu wazima wote wana kadi, wala kwamba kila mmoja wao anaruhusiwa kushuka shimoni. Kauli A haigeuzwi kwa kubadilishana tu kiima na kiarifu. E na I hugeuzika: kama hakuna mtoto mwenye kadi, basi hakuna mwenye kadi aliye mtoto.

Sheria hiyohiyo inafichua suala lililowagawa watu wa mantiki. Tuchukue kauli hii: "watoto wote wenye kadi halali wanaishi Kolwezi". Watoto wa namna hiyo hawapo kisheria. Mantiki ya jadi, inayodhani kwamba kiima kina watu wake, ingeruhusu kutoka hapo hadi "baadhi ya watoto wana kadi halali", jambo ambalo ni uongo. George Boole katikati ya karne ya 19, kisha Gottlob Frege mwaka 1879, walijenga mantiki ambayo ndani yake "wote" haiahidi kuwapo kwa yeyote. Katika mraba wao uhusiano wa A na I ulikatika. Mishazari miwili ya upingano ndiyo iliyosalia.

Kingamyambo, karibu na Kolwezi, nako kunatoa somo jingine, la kiima cha mkusanyiko. Hapo ndipo yalipolundikwa, tangu miaka ya 1950, mabaki ya uchenjuaji ya kiwanda cha Kolwezi, na mengine yakashuka na mto Musonoi. Kwa miongo kadhaa hukumu ya kawaida ilikuwa kwamba mabaki ni takataka. Wapimaji wa mradi wa kuyachenjua upya walikuta tani milioni 112.8 zenye wastani wa shaba asilimia 1.49 na kobalti asilimia 0.32, yaani shaba inayokaribia tani milioni 1.7. Tangu mwishoni mwa 2018 kampuni ya Metalkol inayachenjua. Kauli "mabaki ya Kingamyambo na Musonoi yana shaba asilimia 1.49" ni kweli juu ya lundo zima, si kweli juu ya kila ndoo ya udongo itakayochotwa humo. Kushuka kutoka kwenye mkusanyiko hadi kwa kila kimoja ni kosa la zamani, na linafanywa pia juu ya watu.

Mfano mkubwa kabisa wa kosa la kinyume chake, la kupanda kutoka sehemu hadi wote, umeandikwa katika ardhi hii ya shaba. Mwaka 1945 ilichapwa Élisabethville, Lubumbashi ya leo, tafsiri ya Kifaransa ya kitabu La philosophie bantoue cha Placide Tempels, padre Mfransisko kutoka Ubelgiji aliyeishi miongoni mwa Waluba upande wa Kamina. Hukumu yake kuu ilikuwa ya jumla: kwa Wabantu, kuwa ni nguvu. Ushahidi wake ulitoka kwa Waluba, na kiima chake kilienea hadi mamilioni ya watu ambao hakuwahi kukaa nao. Mraba wa jadi unaruhusu kushuka kutoka A hadi I, kupanda hauruhusu. Kwa haki yake isemwe kwamba Tempels mwenyewe aliieleza kazi yake kuwa jaribio la kwanza, tahadhari ambayo wafuasi wengi waliisahau.

Pigo kali lilitoka kwa Paulin Hountondji wa Benin, aliyefundisha Kinshasa na Lubumbashi mwanzoni mwa miaka ya 1970. Katika kitabu chake cha 1976 alishambulia dhana kwamba katika jamii za Kiafrika kila mtu huwaza sawa na kila mtu, bila mwanafalsafa mmoja kumpinga mwenzake. Alichokuwa akikidai, kwa lugha ya makala hii, ni haki ya kauli O: baadhi hawakubaliani.

Miaka mingi kabla ya pigo hilo, Tempels alikwishahamia Kolwezi. Katika miaka ya 1950, katika kambi ya Musonoi, aliketi na wafanyakazi wa kampuni ya madini ya Union Minière na wake zao, na hapo ikazaliwa Jamaa, harakati ya kidini ambayo watu wake waliitana baba na mama na kufundishana kwa Kiswahili mawazo matatu: uzima, uzazi, mapendo. Johannes Fabian alichapisha utafiti wake juu yao mwaka 1971. Humo msomaji hukuta watu wakizitoa hukumu zao kwa vinywa vyao.

Padre Alexis Kagame wa Rwanda alichagua njia ya tatu. Katika kitabu cha 1956 kuhusu falsafa ya Wabantu wa Rwanda alianza na mantiki, yaani dhana, hukumu na hoja, kabla ya kufika kwenye aina zake nne za vilivyopo, ambazo kwa Kiswahili zingekuwa mtu, kitu, mahali na namna. Aliona kwamba kiungo cha kauli katika lugha hizi hakisimami peke yake: anayesema "mimi ni" huulizwa mara moja ni nani, au yuko wapi. Mwaka 1976, mwaka uleule wa kitabu cha Hountondji, alitoa kazi nyingine, La philosophie bantu comparée, iliyolinganisha lugha za eneo zima la Kibantu ili kutafuta ushahidi mpana ambao Tempels hakuwa nao.