Bunge Lililogeuza Kauli

Mwaka 1791, hoja ya William Wilberforce ya kukomesha biashara ya watumwa ilishindwa katika Bunge la Uingereza kwa kura 163 dhidi ya 88. Mwaka 1807 wabunge 283 waliikubali, na 16 tu wakaikataa. Je, ni huruma peke yake iliyozidi?

Sisi twaona kwamba siasa nayo iligeuka. Tangu mwaka 1793 Uingereza ilikuwa vitani na Ufaransa ya mapinduzi, ambayo mwaka 1794 ilifuta utumwa katika makoloni yake. Basi waliowatetea watumwa wakashukiwa kuwa wafuasi wa adui. Lakini mwaka 1802 Napoleon aliurudisha utumwa, na shutuma hiyo ikapoteza nguvu. Nao watumwa wa Saint-Domingue, walioasi tangu 1791, waliyashinda majeshi yake, wakaunda dola ya Haiti mwaka 1804.

Walimu wenzetu, tufundishapo habari hizi tutenganishe mambo mawili: biashara ya watumwa, na utumwa wenyewe. Sheria ya 1807 iliharamisha biashara tu. Utumwa katika makoloni ya Uingereza ulingoja sheria ya 1833. Ndivyo ilivyokuwa Unguja pia: soko la watumwa lilifungwa mwaka 1873, lakini amri ya kuuondolea utumwa nguvu ya sheria ilitolewa mwaka 1897. Kwa miaka 24, mtumwa aliyekuwa akichuma karafuu shambani alibaki mtumwa, ingawa soko alilouzwa lilikwisha fungwa.