Ukoo wa Mkuyu

Leo tutajifunza historia ya kazi ya kupanga miti katika koo zake. Mti wetu wa leo ni mkuyu.

Mkuyu mnaufahamu. Hupenda kuota kando ya mito, na makuyu yake hushikana vichala vichala juu ya matawi. Msasa nao mnaufahamu, ule ambao majani yake hukwaruza, nao mafundi waliyatumia kulainishia mbao. Huko Uganda uko mutuba, ambao gome lake Waganda huliponda likawa nguo. Miti hii yote, pamoja na mtini, ni jamaa moja. Wataalamu huiita Ficus, na duniani ziko aina zaidi ya 700. Je, katika jamaa kubwa namna hii, ndugu wa karibu wa mkuyu ni nani?

Mwaka 1753 Carl Linnaeus wa Uswidi aliuandika mkuyu katika kitabu chake cha mimea, akaupa jina Ficus sycomorus. Yeye alitazama umbo la mti, maana njia nyingine hakuwa nayo.

Baadaye akaja Mwingereza E. J. H. Corner, aliyefanya kazi miaka mingi katika bustani ya mimea ya Singapore. Mwaka 1965 aliigawa Ficus mafungu manne. Alitazama sana maua. Ukipasua kuyu changa utayaona, kwani yamo ndani ya tunda. Kwa mkuyu, na kwa mutuba vile vile, kila tunda lina maua ya kiume na ya kike, na mti mmoja hufanya kazi zote. Kwa msasa na mtini, kazi imegawanywa. Mti mmoja huzaa mbegu. Mwingine hutoa chavua na kulea nyigu wadogo wanaoibeba. Corner aliiweka miti iliyogawana kazi katika fungu moja, na mkuyu akautenga katika fungu jingine.

Lakini nyigu walileta swali. Wale wanaoingia katika makuyu ni jamaa ya wale wanaoingia katika matunda ya miti fulani ya Asia iliyogawana kazi. Kwa nini iwe hivyo?

Jibu lilipatikana katika DNA, yaani vinasaba. Fikirini maandishi marefu sana yenye herufi nne tu, yaliyomo ndani ya kila kiumbe. Mzazi humpa mtoto nakala. Mara chache herufi moja hubadilika, na badiliko hilo hurithiwa na wajukuu. Miti yenye mabadiliko mengi ya namna moja, yaelekea ina babu mmoja.

Mwaka 2000 Mmarekani George Weiblen alitangaza matokeo ya kulinganisha DNA na maumbo ya aina 46. Ilionekana kwamba mkuyu umetoka ndani ya ukoo wa miti iliyogawana kazi! Wazee wake waligawana kazi. Baadaye kazi zote zikarudi katika mti mmoja. Basi mkuyu uko karibu na msasa kuliko mutuba, ingawa tabia yake yafanana na ya mutuba. Na ndugu zake wa karibu zaidi ni ile miti ya Asia. Nyigu walikuwa mashahidi wa kweli.

Mwaka 2003 Mholanzi C. C. Berg aliyapanga mafungu upya, akauweka mkuyu pamoja na ndugu zake hao wa Asia.

Tusimcheke Corner. Alifanya kazi kwa ushahidi aliokuwa nao, na waliomfuata walisimama juu ya orodha zake. Elimu huendelea kwa watu kukubali kusahihishwa. Nanyi kumbukeni: kufanana si undugu.

Maswali ya darasani:
1. Maua ya mkuyu yako wapi?
2. Mkuyu na msasa hutofautianaje katika kuzaa?
3. Kwa nini mafungu ya Corner yalibadilishwa?

Kwaherini.