Mkonge, mkojo wa farasi na hofu ya 2002

Mkonge wa Morogoro tunaujua kwa kamba na magunia. Maji yake machungu, yale yaliyokuwa yakimwagwa nyuma ya korona (mashine ya kusindika, si ugonjwa), yana historia isiyosimuliwa sana. Mwaka 1951 wanakemia wa Uingereza, Callow, Cornforth na Spensley, walieleza kwamba mkonge ni chanzo kizuri cha hekojenini, kemikali inayoweza kugeuzwa kuwa homoni. Kampuni ya Glaxo ikaitumia hekojenini ya mkonge wa Afrika Mashariki kutengeneza dawa za jamii ya kotisoni. Miaka michache kabla, huko Mexico, Mmarekani Russell Marker alikuwa amepata projesteroni kutoka kwenye kiazi kikuu cha porini. Hivyo viwanda vya homoni vilisimama juu ya mimea ya nchi za joto.

Estrojeni, homoni inayopungua mwanamke anapokoma hedhi, ilipatikana kwa njia nyingine. Vidonge vya Premarin, vilivyoruhusiwa Marekani mwaka 1942, vilitengenezwa kwa mkojo wa farasi wenye mimba. Vilituliza joto linalopanda ghafla hadi usoni, jasho la usiku na usingizi wa kukatika. Hapo vilifanya kazi iliyoahidiwa. Kasoro ilianza pale ahadi ilipokuzwa. Mwaka 1966 daktari Robert Wilson wa New York aliandika kitabu, Feminine Forever, akidai kukoma hedhi ni ugonjwa wa upungufu. Baadaye ilijulikana kuwa taasisi yake ilipokea fedha za watengenezaji wa dawa. Sijui angewaeleza nini Waluguru wa Morogoro, ambao ukoo na ardhi yao hufuata upande wa mama, na ambao kwao bibi ni mtu wa kusikilizwa.

Mwaka 1975 tafiti zilionyesha kuwa estrojeni ikitumiwa peke yake huongeza saratani ya ukuta wa mji wa mimba. Suluhisho likawa ni kuichanganya na homoni ya aina ya projesteroni ili kuulinda ukuta huo. Iliyotumika sana Marekani ni medroksiprojesteroni. Kwa wanawake wa Mafiga, mjini Morogoro, hiyo si ngeni: ndiyo iliyomo kwenye sindano ya uzazi wa mpango ya miezi 3, Depo, ingawa kipimo na namna ya kuitumia ni tofauti.

Mchanganyiko huo ndio uliopimwa kwa wanawake 16,608 wa Marekani, na Julai 2002 jaribio likasimamishwa kabla ya wakati wake. Saratani ya matiti ilikuwa imeongezeka, kwa takribani wagonjwa 8 zaidi kwa kila wanawake 10,000 katika mwaka mmoja. Kiharusi na damu kuganda navyo viliongezeka, ilhali mifupa ya nyonga iliyovunjika ilipungua. Magazeti yalibeba saratani, wanawake wakavitupa vidonge.

Kilichosahaulika ni umri. Wastani wa umri wa wanawake wa jaribio hilo ulikuwa miaka 63, wengi wakiwa wameshapita zamani kipindi cha joto na jasho. Uchambuzi wa baadaye umeonyesha kuwa kwa aliye chini ya miaka 60, au ambaye hajafikisha miaka 10 tangu hedhi ikome, faida mara nyingi huzidi hatari, isipokuwa kama amewahi kuugua saratani ya matiti, kiharusi au damu kuganda. Estrojeni ya kubandika au kupaka kwenye ngozi huleta hatari ndogo zaidi ya damu kuganda kuliko ya kumeza. Novemba 2025 mamlaka ya dawa ya Marekani ilitangaza kuyaondoa maonyo makali ya saratani ya matiti na moyo yaliyobandikwa kwenye dawa hizi.

Mabishano hayo yote yalikuwa ya wenye vidonge mkononi. Huku kwetu, mama wa miaka 49 anayeloa jasho usiku hufikiria malaria kwanza, au presha, na pengine hakuna anayemuuliza hedhi yake ya mwisho ilikuwa lini. Anayestahili kuulizwa kuliko wote ni yule aliyetolewa kizazi pamoja na ovari, mathalani kwa sababu ya uvimbe, akiwa bado kijana wa miaka 40. Kwake hedhi haikufifia polepole. Ilikatwa siku ya upasuaji, na mifupa yake huanza kudhoofika mapema. Kwa kuwa hana mji wa mimba, anaweza kupewa estrojeni peke yake. Sehemu ya jaribio iliyopima estrojeni peke yake ilisimamishwa mwaka 2004 kwa sababu ya kiharusi, lakini saratani ya matiti haikuongezeka.