Taa zinazowashwa na mwendo: jinsi sensa inavyookoa betri ya sola nyumbani

Katika kaya inayotegemea paneli ndogo ya sola, taa ya nje inayoachwa ikiwaka usiku kucha huweza kumaliza betri kabla ya alfajiri. Kihisi mwendo, ambacho mafundi wengi hukiita sensa, huiacha taa ikiwa imezimwa mpaka mtu apite.

Jambo hili lina uzito wa pekee mahali kama Juru, mojawapo ya kanda tatu za makazi ya wakimbizi ya Nakivale, pamoja na Base Camp na Rubondo. Makazi hayo, yaliyotambuliwa rasmi mwaka 1960, yako wilayani Isingiro, kusini magharibi mwa Uganda. Pale ambapo choo kiko nje ya nyumba, njia yenye giza ni hatari, hasa kwa wanawake, watoto na wazee.

Sensa inavyofanya kazi

Sensa itumikayo zaidi majumbani haitoi mionzi yoyote. Hupokea mionzi ya infraredi, yaani joto lisiloonekana kwa macho ambalo mwili wa binadamu hulitoa wakati wote. Lenzi yake nyeupe ya plastiki huigawa sehemu inayotazamwa katika vipande vingi. Mtu anapovuka kutoka kipande kimoja hadi kingine, kiasi cha joto kinachopokewa hubadilika ghafla, na taa huwashwa.

Taa za LED zinaafiki mpango huu kwa sababu huwaka papo hapo, hutumia umeme kidogo na hustahimili kuwashwa na kuzimwa mara kwa mara.

Hesabu ya betri

Chukua mfano wa betri ya risasi na asidi ya volti 12 na ampea-saa 7. Ina wati-saa 84, lakini inashauriwa kutumia takriban nusu tu, yaani wati-saa 42, ili isichakae mapema. Taa ya wati 5 ikiwaka saa 12 huhitaji wati-saa 60. Betri hiyo haitoshi. Taa hiyo hiyo ikiwashwa na sensa mara 25 kwa usiku, dakika 3 kila mara, hutumia wati-saa 6 na robo pekee. Sensa ndogo za volti 12 zenyewe hutumia umeme mchache mno zinaposubiri.

Mahali pa kuifunga

Sensa ifungwe kwenye kimo cha mita 2 hadi 2.5, ikitazama njia kwa ubavu. Humtambua vyema zaidi mtu anayepita mbele yake kuliko anayeijia moja kwa moja. Isielekezwe kwenye moto wa kupikia wala mahali wanapolala mbuzi, la sivyo taa itawaka bila sababu. Katika joto kali linalokaribia joto la mwili, uwezo wake hupungua.

Sensa ya aina hii haioni kupitia ukuta, mlango wala kioo. Kwa hiyo, taa iliyo nje ya choo yaweza kuzimika mtu akiwa bado ndani. Dawa yake ni kuongeza muda wa kuwaka hadi dakika kadhaa. Sensa nyingi zina vitufe vya kurekebisha muda huo, umbali wa kuhisi na kiwango cha giza, ili taa isiwake mchana. Sensa za mawimbi ya redio, kwa upande wao, hupenya kuta nyembamba, hivyo katika nyumba ya turubai huweza kuwashwa na mpita njia.

Kabla ya kununua

Anayekwenda madukani Mbarara aangalie volti kwanza. Balbu yenye sensa iliyotengenezwa kwa umeme wa gridi wa volti 240 haitawaka kwenye betri ya volti 12, na kifaa cha volti 12 kitaungua kikiunganishwa na gridi. Kazi ya umeme wa gridi iachiwe fundi.

Hata hivyo, sensa haifai kila mahali. Mwanafunzi anayesoma akiwa ametulia ataachwa gizani, na mpishi mwenye sufuria ya moto mkononi huweza kuungua taa ikizimika. Huko, swichi ya kawaida ndiyo salama zaidi.