Kizazi, Kisu na Barabara ya Ruhembe

Ruhembe, wilayani Kilosa, historia tunaihesabu kwa miwa: kuanzishwa kwa kampuni ya sukari ya Kilombero, ubinafsishaji wake mwaka 1998, bei ya msimu. Historia ya mwili wa mwanamke anayeipalilia miwa hiyo hatuihesabu. Humo mna uvimbe wa kizazi uitwao fibroidi, pamoja na hedhi nzito, upungufu wa damu na, mara nyingi, masimango ya ugumba.

Kwa muda mrefu jibu lilikuwa kisu. Mwaka 1853 Walter Burnham wa Massachusetts alimpasua mgonjwa tumbo, akamwondoa kizazi, naye akapona. Katika karne ya 20, Victor Bonney wa London, ambaye mkewe aliondolewa kizazi kwa ugonjwa huohuo na wakabaki bila mtoto, alipigania kutoa uvimbe na kukiacha kizazi mahali pake.

Mageuzi makubwa yalitokea Paris. Jacques Ravina na wenzake walikuwa wakiziba mishipa inayolisha uvimbe ili kupunguza damu wakati wa upasuaji. Baadhi ya wagonjwa, wakiwa bado wanangoja zamu, walipata nafuu hata wakaona hawana haja tena ya kupasuliwa. Maandalizi yakageuka kuwa tiba, na mwaka 1995 wakaitangaza. Daktari hupitisha mpira mwembamba ndani ya mshipa wa damu, akiongozwa na picha za eksirei, kisha huachilia chembechembe ndogo. Uvimbe ukikosa damu, husinyaa.

Ujuzi huo sasa uko nchini. Mwaka 2018 Hospitali ya Taifa Muhimbili ilianza kuwafundisha madaktari wake tiba radiolojia kwa msaada wa wataalamu kutoka Marekani, na kuziba mishipa ya fibroidi ni mojawapo ya huduma hizo.

Hata hivyo, kutoka Ruhembe hadi Muhimbili ni zaidi ya kilomita 300, na nauli si gharama pekee. Tena tiba hii haimfai kila mgonjwa. Anayetarajia kuzaa anahitaji ushauri makini. Lakini ushauri haungoji mashine wala lami. Mwanamke anayetia sahihi fomu ya kuondolewa kizazi, bila kuambiwa kuwa ipo njia nyingine, hajachagua. Amechaguliwa.