Barua zilizobaki ndani ya Windows ya zamani

Kila Windows mpya inapotoka tunaulizana kuhusu kasi, sura na virusi. Leo nataka tuongee juu ya kitu ambacho husahaulika mpaka kiwe kimeshapotea, yaani barua pepe. Mara nyingi tulipobadilisha mfumo endeshi, programu ya barua tuliyoizoea iliondolewa au ikapewa jina jipya, na huku kwetu Migori na Homa Bay naamini mabadiliko hayo yamekula historia nyingi kuliko mchwa.

Tuanzie mbali kidogo. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, barua pepe za Kenya zilipita kwa FidoNet. Shirika la ELCI jijini Nairobi lilikuwa na kompyuta iliyobadilishana vifurushi vya barua na London kwa simu. Mwaka 1995 intaneti kamili ikafika, na mmoja wa waliofungua njia ni kituo cha ARCC kilichoongozwa na Shem Ochuodho. Ndiyo, ni yule yule aliyechaguliwa mbunge wa Rangwe, hapa hapa Homa Bay, mwaka 1997. Vijana wengi wa huku hawajui kwamba mtu wao alikuwa pale mwanzoni kabisa.

Lakini Nairobi ni Nairobi. Kwa mtu wa Migori, intaneti ilimaanisha simu ya waya, na kupiga Kisumu au Nairobi kulihesabiwa kama simu ya mbali. Hakuna aliyekaa mtandaoni akisoma kwa raha. Uliandika barua zako zote kwanza, ukawasha modemu, ukasikiliza ile milio yake, za kutoka zikatoka, za kuingia zikaingia, ukakata haraka. Eudora, aliyoiandika Steve Dorner kule Chuo Kikuu cha Illinois mwaka 1988, na Pegasus Mail ya David Harris wa New Zealand, iliyotoka mwaka 1990, zilifaa sana maisha hayo. Kisha Outlook Express ikaja bure ndani ya Windows, na wengi hawakuona sababu ya kutafuta nyingine.

Hapa kuna jambo la kiufundi ambalo ndilo chanzo cha kilio chote. Programu hizi zilichukua barua kwa njia ya POP3. Kwa kawaida POP3 hushusha barua kwenye kompyuta yako kisha huifuta kwenye seva. Nakala inabaki moja tu duniani, ile iliyo ndani ya diski yako. Gmail ilipotoka Aprili 2004 na gigabaiti moja ya bure, dhana ya kuacha barua zote kwenye seva ilikuwa kitu kigeni kwa wengi wetu.

Na barua zenyewe hazikuwa za mchezo. Kumbuka miaka ile. Ukimwi ulikuwa ukimaliza watu, na wilaya zetu ziliumia kuliko karibu zote nchini. MSF walifika Homa Bay mwaka 1996, na mwaka 2001 wakaanza kutoa ARV katika hospitali ya wilaya. Vikundi vya kina mama na vya kulea yatima vikaandikiana na wafadhili ng'ambo: nani ametuma nini, kwa nani, kwa masharti gani. Mapatano hayo hayakupigwa mhuri wala kuwekwa kwenye faili la karatasi. Yalikuwa ndani ya Outlook Express.

Sasa tuje kwenye kubadilisha mfumo. Vista ilitoka Januari 2007 ikiwa na Windows Mail badala ya Outlook Express. Windows 7, Oktoba 2009, ikaja bila programu yoyote ya barua. Ulitakiwa kushusha Windows Live Mail mwenyewe. Wengi walioruka kutoka XP hadi 7, hasa Microsoft ilipoacha kuihudumia XP tarehe 8 Aprili 2014, waliumia mara mbili. Hakukuwa na njia ya kupandisha XP kuwa 7 moja kwa moja, ilibidi kuweka upya. Fundi mwema alinakili My Documents na picha, akafomati. Barua hazikuwa humo! Zilikuwa kwenye folda iliyofichwa, ndani ya Local Settings, Application Data, kisha Identities, kisha folda yenye jina refu la herufi na tarakimu, ndipo ukakuta faili za .dbx. Nani angezikuta bila kuambiwa?

Nimeletewa kompyuta mbili za namna hii. Ya Migori ilikuwa na bahati, kwani mtu aliwahi kuchoma zile .dbx kwenye CD. Mwanzoni zilikataa kufunguka. Sababu ni kwamba faili likitoka kwenye CD huja na alama ya kusomwa tu, na Outlook Express haitaki hivyo. Nikaondoa alama, nikazifungua kwenye XP ya zamani, nikazihamishia Thunderbird ambayo huziweka kama mbox, maandishi yanayosomeka hata kwa Notepad. Barua za 2003 zikatoka zote.

Ya Homa Bay ilikuwa imefomatiwa na kutumika miaka mingi. Kikundi kilikuwa na ugomvi juu ya mashine ya kusaga: je, ililetwa kwa kikundi au kwa aliyekuwa mwenyekiti? Jibu lilikuwa kwenye barua za 2005. Nilichambua diski siku mbili sikupata hata sentensi moja. Aliyetuma kule ng'ambo alishafariki. Mashine bado inasaga, na familia mbili hazisalimiani.

Msidhani mambo haya yameisha. Live Mail iliachwa Januari 2017. Programu ya Mail ya Windows 10 ilikoma kutuma na kupokea mwisho wa 2024, ikapisha Outlook mpya, ambayo hunakili barua zako kwenye seva za Microsoft hata kama akaunti ni ya kwingine. Kuna watakaopenda hilo. Mimi sipendi, natumia Thunderbird. Windows 10 yenyewe iliacha kuhudumiwa Oktoba 2025, kwa hiyo kompyuta nyingi za makanisa na za vikundi ziko njiani kwa fundi sasa hivi.

Kama yako ni mojawapo, au kuna XP imekaa kabatini, mwambie fundi atafute faili za .dbx, .eml na .wab (hiyo ya mwisho ni daftari la anwani) kabla hajafomati. Kama alishaweka 7 bila kufomati, afungue kwanza folda ya Windows.old iliyo kwenye diski C. Huenda vyote vipo humo.