Pikap ya kitambo inazimika ovyo? Kabla ulaumu kabureta, anzia hapa

Wasee wa Lamu wanaijua hii stori. Pikap inaachwa Mokowe, mwenyewe anavuka na boti kwenda kisiwani, kwa sababu vichochoro vya mji wa kale ni vya punda na miguu, si vya ndai. Anarudi wiki tatu baadaye, anapiga stata, injini inakohoa mara mbili, inashika, inazima. Fundi wa kwanza kuitwa anachungulia tu na kutangaza: kabureta imekufa, tafuta doh ununue ingine.

Pole pole, buda. Kabureta husingiziwa sana. Mara nyingi iko hai, ni vile inakosa hewa safi, ama inanyonya hewa mahali isiponyonya, ama imelishwa mafuta machafu. Na hizo zote unaweza kuzijua ukiwa na bisibisi, spana mbili na chupa ya maji. Hapa tunaongea kuhusu petroli ya kabureta: Datsun 1200, Peugeot 504, Hilux za miaka ya 80. Kama yako ni dizeli, hii haikuhusu.

Usichukulie hii kama mambo ya kupoteza wakati gereji. Barabara ya kutoka Lamu kwenda Witu na Garsen siku hizi ni lami, lakini inapitia Milihoi, Lango la Simba na Nyongoro, mahali magari yameshawahi kuvamiwa. Januari 2020 basi lilishambuliwa hapo Nyongoro na abiria wakauawa. Hata ukiwa kwa msafara wa polisi, gari moja likizima linawaweka wote njiani. Kwa hivyo pikap inayosumbua ichunguzwe kabla ya kutoka Mokowe, Hindi ama Mpeketoni, si baada.

Anza na eya klina, lile sufuria la bati juu ya kabureta. Fungua, toa filta, iinue uitazame dhidi ya jua. Kama mwanga haupiti, imeziba. Barabara za ndani ambazo hazina lami zina vumbi na mchanga laini, na gari likilala muda mrefu, nyigu hujenga kwa mdomo wa kunyonyea hewa, panya nao hutandika kitanda humo ndani. Washa injini bila filta kwa dakika moja tu, gari likiwa limesimama. Moshi mweusi ukipungua na nguvu zikirudi, umepata mchawi, na ni filta. Lakini manze usiendeshe hivyo ukisema inapumua poa. Mchanga unaoingia hapo unasaga mitungi ya injini kama msasa, na hiyo bili ni mara nyingi kuliko bei ya filta. Soksi ama sponji ya godoro pia haisaidii: inaweza kunyonywa yote ikaingia ndani.

Ukiwa hapo juu, angalia choki. Ni kile kibati kwenye koo la kabureta. Injini ikiwa baridi na choki imevutwa, kinafunga. Ikipata moto lazima kisimame wima, wazi kabisa. Hewa ya bahari ina chumvi, na kebo za choki huku hushika kutu haraka. Choki iliyokwama nusu inafanya gari linywe petroli kama ngamia na plagi zije nyeusi tititi.

Sasa ile kesi inayochanganya watu wengi: gari linawaka na choki, ukiirudisha linazima. Hapo injini inapata hewa nyingi kuliko mafuta. Kuna washukiwa wawili.

Wa kwanza ni hewa ya wizi. Gasketi ya chini ya kabureta ikikauka, ama mpira wa mvuto ukipasuka, hewa inaingia bila kupimwa. Jua la huku linachapa mipira vibaya. Washa injini, iache ingurume bila kukanyaga, kisha rushia maji kidogo kidogo kwa chupa ya kupulizia pale kabureta inapokaa, pale manifoldi inaposhikana na injini, na kwenye kila mpira. Kaa mbali na distribyuta na nyaya za plagi. Mngurumo ukibadilika mahali fulani, hapo ndipo panavuja. Kuna mafundi hufanya hii na petroli. Kataa. Manifoldi ya moto na petroli ni moto wa kweli. Halafu ubane kwa koleo, taratibu, ule mpira mnene unaoenda kwa busta ya breki. Injini ikitulia ghafla, tatizo liko kwa busta ama mpira wake, na sasa hauongei tena kuhusu kuzimika peke yake, unaongea kuhusu breki. Hiyo gari isitoke.

Mshukiwa wa pili ni jeti ndogo ya mwendo wa chini. Petroli iliyobaki kwa bakuli la kabureta wiki kadhaa inakauka na kuacha gundi ya kahawia, na tundu la hiyo jeti ni jembamba sana. Lakini kabla ya kufungua, tafuta solenoidi, kile kitu cha mviringo chenye waya mmoja kilichofungwa ubavuni mwa kabureta nyingi za Kijapani. Fungua swichi bila kupiga stata, chomoa waya, gusisha tena. Lazima usikie "tik". Kimya? Angalia waya kwanza, chumvi hula terminali. Watu wametupa kabureta nzima kwa sababu ya waya iliyochomoka.

Kama ni jeti, itoe, iloweshe kwa dawa ya kusafisha kabureta, kisha ipulize kwa kompresa. Usichokonoe na waya wa chuma: jeti ni shaba laini, ukipanua tundu umeiharibu milele. Na usipulize kabureta nzima kabla ya kutoa boya, utalikunja ama ulitoboe.

Mafuta yenyewe ndio hadithi ndefu ya Lamu. Petroli nyingi husafiri kwa mitungi, na mtungi uliokaa kwa boti huwa na maji. Kuna pia hatari ambayo watu wa Nairobi hawaijui: mtungi wa boti ya injini ya viboko viwili una petroli iliyochanganywa na oili. Ukiumwaga kwa pikap utaona moshi wa bluu, plagi zinalowa, gari linamiss. Nusa, kisha dondoshea karatasi nyeupe: petroli safi hukauka bila kuacha kitu, ya oili huacha doa la mafuta. Kujua kama kuna maji, toa mafuta ya bakuli la kabureta kwenye chupa ya glasi na uiache itulie. Maji ni mazito, yatakaa chini kama shanga. Ukiyaona, safisha tenki pia, la sivyo utarudi hapo hapo kesho.

Kabureta za Hilux na Datsun huwa na kidirisha cha kioo mbele ya bakuli. Mafuta yakae usawa wa alama. Yakiwa juu yake na kabureta inalowa nje, sindano ya boya imeisha ama ina uchafu. Yakiwa chini, na gari linakufa kwa mlima ama likiwa na mzigo wa mahindi, fuata filta ya mafuta, pampu, na kifuniko cha tenki. Kifuniko kina tundu la kupumua. Ukikifungua gari likizima na usikie "sss" ya kuvuta hewa, umemaliza kesi.

Gari likigugumia tu ukikanyaga ghafla, zima injini, chungulia koo la kabureta na uvute aksileta kwa mkono. Lazima uone petroli ikiruka kama mshale. Isiporuka, kiwambo cha pampu ya aksileta kimechoka, na hicho hununuliwa peke yake kwa kiti ndogo ya gasketi.

Kama linazima likipata moto na kuwaka tena baada ya nusu saa, usiparamie kabureta. Inaweza kuwa petroli inachemka kwenye paipu iliyo karibu na ekzosi, lakini koili ya moto nayo hufanya vivyo hivyo. Likizima, chomoa waya wa plagi, weka plagi ya akiba, iguse kwa chuma mbali na kabureta, mwenzako apige stata. Hakuna cheche, ni umeme.

Na hakuna siku ya kumwaga petroli kwa koo la kabureta mtu akipiga stata. Injini ikirudisha moto juu, unakupata usoni.